Nilisema Ni Mgongo

Naandika haya nikiwa nimesimama, daftari liko juu ya meza ya kukatia vitambaa, kwa sababu hata sasa nikikaa zaidi ya nusu saa mwili huanza kulalamika. Naitwa Mariam. Kwetu Mitaboni walinipa jina la Mwende, na huko bado naitwa hivyo. Nashona sare za shule hapa Machakos mjini, nyuma ya duka la vitambaa la mume wangu Salim. Wiki iliyopita, kwenye benchi la kliniki, mama mmoja aliniuliza nilipitaje mpaka nikafika hapa nilipo. Nilianza kumweleza, akaitwa ndani kabla sijafika mbali, na nilipotoka nilikuta ameshaondoka. Basi namwandikia yeye, popote alipo, na mwingine yeyote anayeamka asubuhi akiwa mgumu kama ubao.

Mambo ya udaktari siyajui, na sitajifanya nayajua. Ninachokijua ni kuumwa miaka sita mbele ya watu wanaokuona mzima. Mwanzoni nilidhani natafuta dawa. Baadaye nikatambua kwamba kabla ya dawa nilikuwa natafuta mtu wa kuniamini.

Yalianza nikiwa na miaka ishirini na tisa, mvua za Novemba zikiwa zimeshika. Nilihisi maumivu upande wa kulia, chini kabisa, nikasema ni mashine ya cherehani, nimekaa sana. Baada ya wiki chache yakahamia kushoto. Kisha yakawa yanakuja pande zote kwa zamu. Kulipokaribia kupambazuka yaliniamsha, nami nililala nikisubiri mwadhini aite ili nipate sababu ya kumwamsha Salim. Alikuwa akisimama mbele ya kitanda, ananipa mikono yote miwili, anasema "Bismillah", kisha ananivuta taratibu mpaka nisimame. Soksi alinivisha yeye. Nikikohoa, mbavu ziliuma kana kwamba nimepigwa.

Nilisilimu nilipoolewa, kwa hiari yangu, na swala naipenda. Lakini alfajiri sikuweza kuinama. Nilivuta kiti cha plastiki, nikaswali nimekaa. Ikifika saa nne mwili ulikuwa umelegea, nimeshapanda na kushuka ngazi za duka mara kadhaa, na adhuhuri nilirukuu na kusujudu kama mtu mwingine yeyote.

Hapo ndipo shida ya nyumbani ilipoanzia. Mama mkwe alihamia kwetu kutoka Mombasa baada ya baba mkwe kufariki. Yeye namwita Mama. Mama yangu mzazi namwita mwaitu, kama sisi Wakamba tunavyowaita mama zetu, kwa hiyo wawili hao wasikuchanganye. Mama ni mtu wa ibada na wa maneno machache. Kile kiti alikitazama siku ya kwanza, akakitazama siku ya pili, siku ya tatu akauliza.

"Mwanangu, hicho kiti ni cha nini?"

"Ni mgongo, Mama. Asubuhi hauinami."

"Na adhuhuri?"

"Adhuhuri unakuwa umelegea."

Akanyoosha mswala wake. "Mgongo gani huo wenye saa ya mkononi?"

Alisema kwa upole, karibu kwa utani, lakini niliisikia siku nzima. Nilijua anachowaza: huyu ameingia dini kwa ajili ya ndoa, usingizi wa asubuhi umemshinda.

Nilikwenda hospitali. Daktari alikuwa kijana wa umri wa mdogo wangu, mlango uko wazi, foleni nzima inatutazama. Akauliza naumwa wapi. Hapa nitasema ukweli ambao sikuusema siku hiyo. Sikuwa naumwa mgongo. Niliumwa chini yake, pale ninapokalia, mahali ambapo mwanamke aliyelelewa na mwaitu hapataji mbele ya mwanamume. Nikaweka kiganja juu ya kiuno, nikasema, "Mgongo." Akaandika mgongo. Nikapigwa eksirei ya mgongo.

"Picha iko sawa kabisa, mama," akaniambia. "Punguza kuinama, upate mapumziko."

Ungedhani hiyo ni habari njema. Nilirudi nayo nyumbani kama mtu aliyekutwa na kosa. Salim aliigeuza ile picha kwenye mwanga wa dirisha, akatazama mifupa yangu mizuri iliyopangana, kisha akaniuliza, "Sasa nimwambie nini Mama?" Hakuniuliza nitafanya nini. Aliendelea kunivuta kitandani kila asubuhi, siwezi kumdhulumu kwa hilo, lakini ile bismillah aliacha kuisema kwa sauti.

Nilipita zahanati mbili na hospitali tatu. Kila mahali nilisema mgongo, na kila mahali karatasi iliandikwa mgongo. Nilipewa vidonge, mafuta ya kuchua, mkanda wa kufunga kiuno. Kukaa kuliniuma kuliko kusimama, kwa hiyo kwenye foleni nilitembea huku na huko. Siku moja askari wa mlangoni akaniambia, "Mathe, keti. Wagonjwa wanaketi."

"Nikiketi ndio naumwa."

"Basi wewe si mgonjwa, enda nyumbani," akasema, na benchi lote likacheka. Mimi pia nilicheka. Halafu nilizunguka nyuma ya jengo, karibu na tangi la maji, nikalia mpaka mtandio ukalowa.

Mwaka wa nne, msimu wa mbaazi, mwaitu alikuja kututembelea na gunia dogo mgongoni. Nilimwacha nyumbani na Mama nikaenda dukani kumalizia oda ya sketi. Niliporudi nilimkuta mwaitu anamenya mbaazi na Mama amenyamaza. Kuanzia siku hiyo Mama alibadilika. Hakunigombeza wala hakuniuliza tena kuhusu kiti. Alinisalimu, alinipa chai yangu, na alinitazama jinsi unavyomtazama mtu uliyekwisha kumjua. Afadhali angenigombeza. Sikujua nimefanya nini, na mimi si mwepesi wa kuuliza.

Baada ya hapo ilikubaliwa niende Mitaboni nikapumzike wiki mbili, kama madaktari walivyosema. Ilikuwa Julai, ukungu umekaa juu ya vilima vya Iveti mpaka saa tano, baridi ya kuingia kwenye kucha. Nililala. Kadiri nilivyolala ndivyo nilivyozidi kukakamaa, mpaka siku moja nikashindwa hata kujigeuza ukutani. Mwaitu yeye huamka kabla ya jogoo, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuzunguka boma, mara tano, mara sita, ameshika mpini wa jembe. Tangu tukiwa watoto amekuwa hivyo. Ukimwita kutoka nyuma hageuzi shingo, hugeuka mwili mzima, polepole, kama anayekagua gwaride. Kwaya ya kanisani kwao humwita Kanali.

Alikuja akasimama mlangoni. "Mwende, amka utembee. Ukilala inakushika."

"Mwaitu, naumwa."

"Hata mimi asubuhi niko hivyo. Hiyo ni ya wamama. Ukipata joto inaisha."

Niligeuza uso ukutani. Niliumia sana. Nilijiambia, hata aliyenizaa anaona nina uvivu. Leo najua kwamba wakati huo hakuna daktari aliyekuwa amenipa ushauri bora kuliko ule, lakini hasira ilinizuia nisiusikie.

Niliporudi mjini jicho la kulia liligeuka jekundu, likawa haliwezi kutazama jua. Nilipewa matone, likapona baada ya wiki tatu, likarudi mwaka uliofuata. Sikulitaja kwa daktari wa mgongo, maana jicho na mgongo vinahusiana wapi? Kisigino nacho kikaanza. Nilikonda. Nilikuwa nikishuka ngazi kiupandeupande, na watoto wa wateja wananiangalia.

Mwaka wa sita tulikwenda Nairobi kupiga picha ya MRI. Unaingizwa ndani ya bomba, unaambiwa usisogee, halafu mashine inakugongea masikioni karibu nusu saa. Nilisoma Fatiha mpaka nikapoteza hesabu. Picha ile ilirudi na kitu. Daktari wa mifupa, mtu mzima mwenye subira, ambaye huja Machakos siku za kliniki, alituonyesha diski mbili za chini zilizojitokeza kidogo.

"Watu wengi wako na hii na hawaumwi," alisema. "Lakini wewe umeumwa miaka sita na dawa zimekataa. Ni hapa ndipo inauma?"

Akaweka kalamu juu ya picha. Mimi nilikuwa naona kijivu na nyeusi tu. Nikasema, "Ndiyo."

Akapanga upasuaji, wiki mbili baada ya Idi.

Nitakuambia kitu cha aibu: nilifurahi. Nilitembea kutoka pale nimeikumbatia bahasha kubwa ya picha. Hatimaye nilikuwa na ugonjwa wa kuonyesha. Nilipofika nyumbani niliiweka mezani mbele ya Mama, nikasubiri. Aliitazama bila kuifungua. "Mungu akupe wepesi," akasema, akaendelea na uradi wake. Nilikwenda chumbani nikakaa juu ya kitanda na furaha yote ikaniisha. Nikafikiri: hata wakinipasua hawataniamini.

Siku tatu kabla ya upasuaji nilitakiwa kupiga eksirei mpya na kumwona daktari. Salim alikuwa amefuata mzigo wa vitambaa Nairobi, kwa hiyo Mama alijitolea kunisindikiza. Alivaa buibui lake, akabeba chupa ya chai ya tangawizi, tukaenda.

Aliyekuwa kwenye eksirei ni dada mmoja mnene, mchangamfu, aproni nzito kifuani. Alinisaidia kupanda meza, akaona ninavyojigeuza kwa vipande vipande.

"Pole, mum. Hebu nionyeshe mahali inauma."

Nikaweka kiganja kiunoni kama kawaida yangu. "Mgongo."

"Si mkono. Kidole. Nionyeshe na kidole kimoja."

Kwa miaka sita hakuna aliyewahi kuniomba kidole. Kiganja ni kikubwa, kinafunika mengi. Kidole hakijui kuficha. Tulikuwa wanawake wawili tu, mlango umefungwa, taa nyekundu inawaka nje. Kidole changu kikashuka, kikapita kiuno, kikapita mkanda wa sketi, kikasimama kwenye kile kishimo kidogo juu ya kalio la kulia.

"Hapa. Na siku zingine hapa," nikaonyesha kushoto.

Akainama kukitazama kidole. "Huko si mgongo, mum."

"Najua."

"Daktari anajua?"

"Sijamwambia."

Akaichukua karatasi yangu, akaisoma tena. "Imeandikwa mgongo wa chini. Mimi nitapiga mgongo wa chini, sina ruhusa ya kupiga kitu ingine. Hii mashine haijui kuuliza. Sasa ukitoka hapa, kabla mtu akushikie kisu, enda umwambie ukweli. Umwambie vile umeniambia."

Nilirudi kwenye benchi. Mama alinimiminia chai. Akauliza dada wa eksirei amesemaje.

"Mama," nikasema, "nimekuwa nikidanganya."

Hakushtuka hata kidogo. Alikaza kifuniko cha chupa taratibu. "Najua, mwanangu. Mama yako aliniambia."

"Mwaitu? Alikuambia nini?"

"Siku ile alipoleta mbaazi. Nilimuuliza, huyu mwanao ana nini hasa? Mbona asubuhi mgonjwa na mchana mzima? Akanambia, 'Ni muongo.' Nikadhani sikusikia vyema, nikamuuliza tena. Akanambia, 'Ni muongo tu, hiyo ni ya wamama.' Sasa mzazi wako mwenyewe kashasema, mimi mkwe niseme nini?"

Nilimtazama. Kikombe kilinitoka mkononi, chai ikamwagika sakafuni. Nikaanza kucheka, kicheko kibaya, cha kuniumiza mbavu, watu wa foleni wakageuka.

"Mama, muongo ni mgongo. Kwa Kikamba. Mgongo tunauita muongo."

"Mwauita nini?"

"Muongo. Mwaitu hajui Kiswahili kingi. Ulimuuliza nina nini, akakujibu ni mgongo."

Mama alilirudia lile neno kimyakimya, nikaona midomo yake inalipima. Muongo. Mgongo. Kisha akajiziba mdomo kwa ncha ya buibui.

"Subhanallah," akasema. "Miaka yote hii nakutazama kwa jicho hilo."

Machozi yalimtoka bila sauti. Nilimshika mkono, na yeye akanishika, na kwa muda tulikaa hivyo, chai ikituzunguka miguuni, mpaka mfagiaji akaja na dekio lake. Ndipo Mama akakumbuka.

"Basi wewe umedanganya nini?"

Nikamwinamia sikioni. "Si mgongo, Mama." Nikataka kuendelea, nikashindwa. Jina langu likaitwa.

Tuliingia wote wawili. Daktari alikuwa na faili langu wazi, na tarehe ya upasuaji imezungushiwa wino. Akauliza kama niko tayari.

"Daktari, si mgongo."

"Si mgongo ni nini?"

Nilitazama sakafu. Hofu ilinipokonya Kiswahili chote cha shuleni, nikabaki na neno moja tu, lile la barabarani, ambalo Mama aliwahi kumfinya sikio mjukuu wake, mtoto wangu wa kiume, kwa kulitamka mezani. "Ni ma..." nikasema. Nikakwama. Nikaona kisu. Nikaona wananifungua mgongo usio na kosa. "Ni matako," nikasema, nikatamani ardhi inimeze.

Hakuna aliyecheka. Nyuma yangu nikasikia Mama akisimama.

"Makalio, mwanangu," akasema, kwa sauti ile ile anayomfundishia mjukuu wake sura fupi za Kurani. "Sema makalio. Si neno baya. Daktari, huyu anaumwa na makalio, huku na huku, na asubuhi hawezi kuinama mpaka saa nne. Mimi nakaa naye, nimemuona kwa macho yangu." Akaenda akafunga mlango, akaupa mgongo, akasimama hapo kama mlinzi. "Haya, muonyeshe."

Nikaonyesha kwa kidole.

Daktari aliweka kalamu chini. Akaniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Asubuhi inachukua muda gani? Nikitembea inapungua au inazidi? Nikipumzika je? Nimewahi kuumwa macho? Kila swali lilikuwa linagonga mahali pake, nami nikawa najibu nikilia. Mwishoni akavuta pumzi.

"Haya yote hukusema."

"Sikusema."

"Mimi nilikuwa nakupasua juu ya neno lako," akasema, bila ukali. Akaikata ile tarehe kwa mstari mmoja.

Siku ile ile nilirudi kwa dada wa eksirei na karatasi mpya. Safari hii ilisema nyonga. Picha ilipotoka niliitwa niione. Kati ya uti wa mgongo na nyonga kuna viungo viwili, kimoja kila upande. Kwa mtu asiyeumwa kila kimoja huonekana kama mstari mweusi ulionyooka, wenye kingo safi. Changu cha kulia kilikuwa na kingo zilizofumuka, kama kitambaa ambacho hakikupigwa ovaloki ya kuzuia nyuzi. Cha kushoto mstari ulikuwa unapotea, mfupa umeanza kujishona na mfupa. Mimi ni fundi, nikaelewa bila kuelezwa. MRI ya pili, iliyopigwa mahali penyewe, ilionyesha madoa meupe pande zote mbili, na daktari wa viungo kule Nairobi akaniambia huo ndio moto wenyewe, bado unawaka. Akaniandikia jina la ugonjwa: baridi yabisi ya uti wa mgongo. Kuna jina lingine refu la Kizungu, nimelizoea sasa. Zile diski zilikuwepo kweli, ila hazikuwa na hatia kubwa.

Aliniuliza kama kuna mtu wa damu yangu anayeumwa hivi. Nikafikiri kidogo. Nikasema hapana.

Sitakudanganya kwamba nimepona. Huu hauponi, unatulizwa. Wiki za kwanza dawa zilinisumbua tumbo, zikabadilishwa. Mazoezi ndiyo yaliyonitesa zaidi: kila asubuhi, sakafuni, wakati mwili hautaki hata kuguswa, unajinyoosha, unajikunja, unahesabu. Kule kupumzika nilikoambiwa miaka yote ndiko nilikokatazwa. Mashine ya cherehani fundi seremala aliniinulia, sasa nashona nimesimama nusu ya siku. Mvua fupi zikapita, mvua za Machi zikaja. Upande wa kushoto ulioshonana hautafunguka tena, nimeambiwa waziwazi, na kuna siku ninaomboleza kwa hilo. Lakini soksi navaa mwenyewe.

Salim nilimweleza yote siku aliporudi na mzigo. Alikaa juu ya marobota ya vitambaa muda mrefu, kofia mkononi. "Nilipaswa kukuuliza," akasema. Kesho yake alfajiri alinipa mikono yote miwili na nikamsikia: "Bismillah." Sikuwahi kujua nilivyokuwa nimelikosa hilo neno.

Asubuhi moja mwezi wa Mei nilitandika mswala na nikasahau kuvuta kiti. Nilirukuu. Nilishuka, polepole, goti moja, goti la pili, na paji la uso likagusa chini. Nilikaa pale kuliko ilivyo kawaida. Nilipotoa salamu nilimwona Mama pembeni, swala yake imekwisha, ananitazama. Alikichukua kile kiti cha plastiki akakipeleka jikoni, na huko ndiko kiliko hadi leo, tunawekea karai.

Agosti tulikwenda Mitaboni, mimi na Mama, kwa ajili ya mbaazi. Mama alitaka kuomba radhi kwa mwaitu kwa lile neno, na alikuwa amejifunza kulisema vizuri. Tulimkuta shambani, ametupa kisogo. Nikamwita.

Mwaitu akageuka mwili mzima, polepole.

Nimemwona akigeuka hivyo maisha yangu yote. Nilisimama katikati ya mbaazi. Nilikumbuka jembe alilolishika kabla ya jogoo, mizunguko ya boma, "hata mimi asubuhi niko hivyo". Nilikumbuka nilivyogeuza uso ukutani. Aliniambia kila kitu siku ile, na mimi nikadhani ananitukana.

"Mwaitu," nikasema, "ile yako ya asubuhi. Inauma wapi?"

"Aa, muongo tu. Ya wamama." Akaweka kiganja kiunoni.

"Si mkono. Nionyeshe na kidole."

Akatazama huku na huku kama kuna mwanamume karibu. Akamtazama Mama, mgeni wake. Mama akaweka kikapu chini, akajongea, akasimama upande wa barabarani akamkinga kwa buibui lake.

"Muonyeshe, dada yangu. Tuko wanawake watupu."

Kidole cha mwaitu kina kovu la panga, na kimepinda kwa kazi. Kilikaa kiunoni kidogo. Kisha kikashuka, kikapita mkanda wa sketi, kikasimama pale pale. Halafu akaonyesha upande wa pili.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla nikuzae."

Nilitoa kwenye mkoba karatasi yangu ya kliniki, iliyokunjwa mara nne. Nikamwonyesha mstari wenye jina, nikamsomea polepole, nikimfuatishia kwa kidole. Alisikiliza kwa makini, ameshika ganda la mbaazi ambalo hakulifungua.

"Kumbe," akasema, "hii kitu iko na jina?"